Mwanamke wa Chini ya Mawe

Ambohitsoa,
Antsirabe,
Madagaska.

Jumapili, tarehe 16 Septemba 2018

Mpendwa Kaka Mamisoa,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani, na zikukute umeketi na kikombe chako cha kahawa, si umesimama mlangoni na viatu miguuni. Nakujua. Barua hii si ya kusomwa kwa kusimama.

U hali gani? Shemeji Clarisse hajambo? Watoto wanaendeleaje na masomo? Na ile baridi uliyonitajia mwezi wa Julai, je, imekuacha? Ulisema unalala na soksi na mablanketi mawili huko Saint-Denis, kisiwa cha joto ambapo watu hulala madirisha wazi, na daktari amekupima damu na mkojo asione kitu. Ukacheka, ukasema ni uzee. Mimi sikucheka. Nilinyamaza kwa sababu miguu yangu pia ilikuwa kama imetiwa kisimani, na mama, utakumbuka, alikufa akiomba afunikwe. Lakini hapa kwetu mwezi wa Julai kila mtu ana baridi, hata ng'ombe, kwa hiyo hakuna anayeuliza.

Sisi tu wazima. Mpunga ulitosha mwaka huu na tumebakiza wa mbegu. Yule mtamba mwenye doa usoni amezaa dume. Goti langu linauma nikipanda, halilalamiki nikishuka. Kaburi letu lilibambuka rangi upande wa magharibi baada ya mvua za Februari, nikampa fundi ile rangi ya buluu uliyotuletea na sasa linang'aa hadi barabarani. Watu bado wanasema hakuna kaburi zuri kama lile katika bonde lote.

Binti yangu Fenitra amenenepa kidogo, na inampendeza. Habari zake nyingine nitakuja kuzisema, maana zimo ndani ya hili linalonifanya nikuandikie. Sikutaka kukueleza kwa simu. Simu hukatika, na isipokatika wewe huikata.

Mwezi wa Juni walikuja wachimbaji wa mambo ya kale kutoka Chuo Kikuu, Antananarivo. Wanafunzi wengi na mwalimu wao mmoja, Lantosoa, binti mfupi mwenye sauti ya kwaya na nywele ngumu kama zetu. Walitaka kuchimba juu kilimani, kwenye mji wa zamani, ndani ya lile handaki tulilokuwa tukiteleza nalo tukiwa watoto. Walifanya kila kitu kwa adabu. Walikwenda kwanza kwa Mzee Ralaivao, mlinzi wa kilima, wakamwaga pombe ya miwa na asali kwenye jiwe la lango, wakaomba ruhusa kwa waliotangulia. Mwanafunzi mmoja tu alipanda na mkate wenye soseji ya nguruwe, mwiko wa kilima, na Mzee akamteremsha yeye na mkate wake mpaka chini kabisa, akamwambia aule huko ndipo arudi, na kabla ya kurudi anawe mdomo.

Hata hivyo maneno hayakukosekana. Unatujua. Wiki ya pili zikaanza habari kwamba ni wachukua mioyo, kwamba usiku wanajaza mioyo ya watoto kwenye yale masanduku yao ya plastiki. Wengine wakasema wamepata dhahabu. Mama mmoja wa ng'ambo ya mto alimtoa mwanawe shule. Lantosoa akaona mambo yataharibika, akatangaza kwamba Jumamosi ya kwanza ya Septemba kila mtu apande kilimani ajionee mwenyewe kilichopatikana, na watoto wafundishwe kuosha vigae na kuviunganisha. Lilikuwa wazo zuri, Kaka. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo nitalisema baadaye.

Fenitra alipata kibarua kwao tangu mwanzo. Alikuwa akirudi jioni na udongo kwenye nyusi, anatueleza mambo ya mashimo kana kwamba amezaliwa ndani yake. Jioni moja mwezi wa Agosti alinawa, akaketi, akachota wali, na kabla hajautia mdomoni akasema, “Mama, leo tumepata mtu. Chini ya yale mawe ya nje ya handaki, upande wa kusini. Mimi ndiye niliyeyaondoa.”

Unayajua mawe anayoyasema. Kila ulipopita pale na Bibi Ravao alikushika mkono, akaokota jiwe dogo, akalitupa juu ya lundo, akaendelea kutembea kana kwamba hakufanya kitu. Wewe uliwahi kumwuliza akakuchapa. Mimi sikuuliza, na labda kwa sababu hiyo siku moja aliniambia mwenyewe, bila kunitazama, “Hapa ndipo bibi yangu alipotua mzigo.” Basi. Hakuongeza neno hadi anakufa. Mama naye alitupa jiwe lake kila alipopita, mpaka mwaka ulipojenga kaburi la saruji. Mwaka ule alisema tuache, tusijioneshe bure, sasa tuna kwetu. Ndiyo maana Fenitra hakujua. Aliyanyanyua mawe ya mama zake wanne, moja baada ya jingine, akayapanga pembeni vizuri, kwa sababu wamemfundisha kazi safi.

Usiku ule sikula. Kesho yake mchana, baada ya kupiga pasi, nilijilaza kidogo na lamba, shuka yangu ya kujitanda, mabegani, nikamwota. Mwanamke ameketi kizingitini mwangu, kanipa mgongo. Shingo yake ilikuwa fupi, imedidimia mabegani. Akasema, “Nasikia baridi.” Nilitaka kumwambia aingie, mdomo haukufunguka. Nilipoamka jua lilikuwa kali, kuku walikuwa wamelala kivulini, na mimi natetemeka mpaka meno yanagongana. Nikajifunika lamba ya pili na ya tatu. Alirudi tena, na tena, siku zote mchana, siku zote kizingitini, na sikuwahi kuuona uso wake.

Sikumwambia mtu. Fenitra alikuwa na posa, Kaka. Ule mkia wa kondoo wa mahari ulikuwa uletwe Oktoba. Mchumba wake ni Tahina, mtoto wa kiume wa Mzee Andriambelo, na huhitaji kuambiwa ni ukoo gani ule na makaburi yao yako upande gani wa kilima. Mzee yule alikubali kwa sababu ya kaburi letu la buluu na kwa sababu ya ile hadithi ya babu, kwamba sisi ni watu wa Fianarantsoa, kwamba kaburi letu la asili lilichukuliwa na mafuriko. Uliisimulia vizuri sana kwenye kipaza sauti siku ya kulifungua kaburi. Watu wakaitikia, “Kweli, kweli.” Mimi pia niliitikia, na nilikuwa na machozi.

Sasa nije kwenye Jumamosi yenyewe.

Tangazo lilieleza vizuri. Lilisomwa kanisani, likasomwa na redioni: maonyesho, mafunzo, watoto karibuni. Lakini niambie wewe, kwetu mifupa hutolewa juani kwa sababu gani? Hutolewa mwezi wa Agosti na Septemba, hutolewa ili wafu wageuzwe, wavishwe sanda mpya, wachezeshwe ngoma. Hakuna sababu nyingine. Kwa hiyo watu walisikia tangazo lote, wakalielewa lote, kisha wakafanya kama walivyozoea. Saa tatu asubuhi kilima kilikuwa kimejaa. Wanawake wana mikeka kichwani, wazee wamevaa kofia za sherehe, na bendi ya tarumbeta ya kutoka bonde la pili imekwisha kupanga mstari langoni, na mkubwa wao anauliza, “Tupige wimbo gani, wa kuwatoa au wa kuwarudisha?”

Maskini Lantosoa alikuwa na meza ya vigae, mabango yenye picha, ndoo za maji na miswaki ya kuoshea, na katoni za biskuti. Bi Razay alimwendea moja kwa moja. Bado ni yuleyule, mdomo haujapata kutu.

“Mwanangu, wali uko wapi?”

“Mama, tumeandaa biskuti.”

“Biskuti.” Bi Razay aliwageukia wenzake. “Kawatoa wafu juani, anatupa biskuti.”

“Labda huko mjini wafu wao wanakula biskuti,” akasema mwingine, na kicheko kikaenda hadi chini ya handaki.

Lantosoa alitaka kulia. Mzee Ralaivao akamvuta kando, nami nilikuwa karibu nikasikia. Akamwambia, “Kwetu mfupa hautoki ardhini kuja kutazamwa. Ukitoka, una mwenyewe. Na mwenyewe ndiye anayewashukuru watu ili warudi makwao.”

“Na asipokuwepo mwenyewe, Mzee?”

“Basi hawa watakaa hapa mpaka waote mizizi. Endelea na kazi yako. Mimi nitasema yangu baadaye.”

Wanawake wakateremka majumbani, wakarudi na sufuria za wali na maji ya ukoko, na siku ikaenda. Nisiwe mwongo, asubuhi ile ilikuwa nzuri. Watoto walilowa mpaka viwiko wakiosha vigae. Yule mama aliyemtoa mwanawe shule alifungua masanduku yote ya plastiki, moja baada ya jingine, akakuta udongo na vigae, akaishia kumwuliza Lantosoa kama wana nafasi ya kibarua. Wazee walipewa vipande vya vyungu washike, wakaanza kubishana hiki kilikuwa cha kupikia na hiki cha maji, na Lantosoa anaandika. Alituonesha jinsi majivu yalivyolaliana ardhini, watu waliokaa mwanzo, walioungua, waliorudi. Mzee mmoja alisema ameishi chini ya kilima hiki miaka yote na leo ndipo anaambiwa amekanyaga jiko la mtu. Hata Mzee Andriambelo alicheka. Alikuwa ameketi mkeka wa mbele na Tahina kando yake.

Mimi nilikaa nyuma na lamba yangu ya harusi. Sikujua ni kwa nini nilivaa ile. Niliifungua kutoka sandukuni asubuhi na mikono yangu ikaivaa.

Kisha Lantosoa akatuita kwenye turubai.

Yule mtu wa chini ya mawe alikuwa amelazwa juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe, mifupa yake imepangwa kama alivyolala, magoti yamekunjwa. Fenitra alisimama upande wa kichwani na glavu mkononi. Lantosoa alieleza polepole. Mwanamke, mtu mzima, meno yamelika. Amezikwa kabla ya Wafaransa kuingia. Hakukuwa na uzi mmoja wa sanda, hakukuwa na shanga, hakuna kitu. Halafu akaonesha shingo. Mifupa ya shingo ilikuwa imebanwa, imekuwa bapa, na akasema hivyo hutokea mtu akibebeshwa mizigo mizito kichwani tangu utotoni kabla mifupa haijakomaa, akaibeba hadi siku ya kufa. Akasema waliozikwa nje ya handaki, upande wa kusini ambako majivu hutupwa, walikuwa watu ambao mji uliwahitaji na haukuwahesabu.

Lile neno hakulitamka. Hapa kwetu halitamkwi. Mimi naliandika kwa sababu karatasi haioni haya: mtumwa. Alikuwa mtumwa, Kaka, na ile shingo nilikwisha kuiona kizingitini mwangu.

Ndipo Mzee Ralaivao akaingia, akavua kofia, akaanza kama waanzavyo wazungumzaji wetu, kwamba yeye si mkubwa, ni mdogo aliyetumwa na wakubwa, awiwe radhi ulimi ukiteleza. Alimshukuru mwalimu, akawashukuru wanafunzi, akawasifu hata wa soseji. Halafu akasema, “Mgeni wetu yuko juani. Mwenye mfu huyu ajitokeze tumshike mkono.”

Hakuna aliyejitokeza.

Unajua jinsi watu wanavyotafutana kwa macho pakikosekana jibu. Kila mmoja humtazama jirani. Siku ile hawakutazamana. Walitazama chini, walitazama turubai, walitazama ndoo za maji. Umati mzima, na hakuna jicho hata moja lililonigusa. Kama wangekuwa hawajui, wangenitazama kama wanavyomtazama mtu yeyote. Walikuwa wananizunguka kwa macho yao kama maji yanavyozunguka jiwe. Walijua, Kaka. Walimwona Bibi Ravao akitupa mawe maisha yake yote. Walijua siku ulipokuwa na kipaza sauti, na walipoitikia “Kweli, kweli” walikuwa wanatuhurumia. Tumekaa kwenye huruma yao miaka hii yote tukidhani ni heshima.

“Mwenye mfu huyu ni nani?” akauliza mara ya pili.

Mpiga ngoma wa bendi akasema kwa sauti ya chini iliyosikika na wote, “Huenda ni wa Chuo Kikuu.” Watu wawili watatu wakacheka, kicheko kifupi cha watu wanaotaka kwenda nyumbani. Lantosoa akadhani ameulizwa. Akajibu kwa nia njema kabisa kwamba wana ruhusa ya kumrudisha kwa ukoo wake ukijitokeza, na usipojitokeza hatatupwa, atahifadhiwa vizuri mjini, kwenye sanduku, kwenye rafu, na namba yake ya peke yake.

Nilimtazama Fenitra. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nilimtazama Mzee Andriambelo, alikuwa anachunguza ndani ya kofia yake kama mtu aliyedondosha kitu humo. Nikafikiria kondoo wa Oktoba, nikakufikiria wewe na shemeji na wakwe zako, na kaburi la buluu. Niliogopa, sikufichi. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi hadi magotini. Mzee Ralaivao akavuta pumzi aulize mara ya tatu, na baada ya mara ya tatu haulizwi mtu tena.

Nikasimama kabla hajamaliza. Nilisema, “Ni wetu. Ni bibi yake Bibi Ravao.”

Nilipita katikati ya mikeka, watu wakakunja miguu kunipisha, nikavua lamba yangu ya harusi nikamfunika kuanzia magotini hadi shingoni. Mzee akaniuliza jina lake, ili lisemwe, maana mfu huitwa. Nikafungua mdomo. Kaka, sikuwa na jina. Hatukuachiwa jina. Nikalia pale mbele ya wote kama mtoto aliyepotea sokoni, na si aibu iliyoniliza, ni kule kukosa cha kumwita.

Bi Razay ndiye aliyeokoa. Alisukuma watu kwa sufuria yake ya wali akasema, “Jina atatuambia mwenyewe akishapata joto. Nyie bendi, mmelipwa kulala?” Na ngoma ikapigwa. Wakaja wanawake wa upande wetu wa kijiji, wale ambao na wao hawana kaburi la zamani, wale ambao tulijifanya si wenzetu tangu ulipojenga. Wakamshika pamoja nami, tukamzungusha ile meza, tukacheza naye. Alikuwa mwepesi sana. Lantosoa aliruka akipiga kelele tuangalie mbavu, kisha akaacha kupiga kelele, akaingia kwenye mstari.

Mzee Andriambelo alikuja mbele akainama kwa mfu kama inavyotakiwa. Hakunitazama. Maji ya ukoko hakuyanywa. Wiki hii mshenga wake amekuja kusema kwamba mambo ya Oktoba yamesogezwa mbele, na nilipouliza hadi lini, akaulizia mtamba amezaa nini. Tahina mwenyewe bado anakuja na baiskeli jioni, anakaa nje na Fenitra, wanazungumza. Sijui kama baba yake anajua. Nilimwomba Fenitra msamaha. Akaniambia, “Mama, ningevaaje lamba ya harusi huku yeye yuko kwenye rafu? Mimi ndiye niliyeyatoa mawe yake.” Halafu akaenda kukamua ng'ombe. Usiku namsikia analia, lakini asubuhi haoneshi.

Sasa Kaka, nisikilize. Lantosoa amemkabidhi kwetu na karatasi zake zote. Yuko hapa ninapoandika, kwenye pembe ya kaskazini mashariki, pembe ya wazee, nimemtandikia mkeka mpya juu ya kabati. Nakaa nimempa mgongo na najua yuko. Paka haingii tena chumba hiki, ila si kwa woga, anakaa tu mlangoni na kutazama juu. Jioni nikipakua wali nahisi kuna mtu anasubiri mwingine atangulie kunyoosha mkono. Majirani wanaleta mchele kidogo kidogo, wanaulizia, “Amelala salama?” Naona wanataka kuniuliza kitu kingine, nami nakijua. Wanataka kujua kaburi litafunguliwa lini.

Na mimi siwezi kulifungua. Mlango wa kaburi mkono wa kwanza huwekwa na mtoto wa kiume mkubwa wa nyumba, na huyo ni wewe. Ulilijenga kwa jasho lako, hakuna anayekunyang'anya hilo. Najua utakasirika. Utasema nimekuvua nguo mbele ya bonde zima, kwamba mavi ya kale hayanuki mpaka apatikane mpumbavu wa kuyachokoa. Huenda utasema hukujenga kaburi lile kwa ajili yake. Lakini fikiri vizuri ulilijenga kwa ajili ya nani. Mtu asiye na aliyelala nje ya handaki hahangaiki kujenga kaburi linaloonekana hadi barabarani. Ulikuwa unamjengea yeye ukiwa hujui, na sisi tumewaweka ndani mama na Bibi tukamfungia mlango.

Ukikataa, nitamrudisha kusini nitamfunika kwa mawe, na nitatupa langu kila nikipita, na Fenitra atatupa lake. Hatakwenda kwenye rafu. Ila nitakuwa nimemwonjesha nyumba nikamtoa, na hilo silijui nitalibebaje.

Nisalimie shemeji Clarisse na mama yake, na hao watoto, uwaambie shangazi yao amewakaushia samaki wa mto. Hapa Mzee Ralaivao anakusalimu, Bi Razay anasema ukija usisahau sabuni zile za harufu, na Fenitra anakusalimu kwa adabu zote. Mungu Muumba akulinde, na waliotutangulia, wenye majina na asiye na jina, wakutakie njia nyeupe.

Neno la mwisho, nawe unijibu hili hata kama mengine yote hutaki kuyajibu. Ile Jumamosi, saa sita za mchana, nilipomfunika shingo, miguu yangu ilipata joto. Nilidhani ni ngoma. Lakini imekuwa na joto tangu siku ile, nalala na blanketi moja, na kizingitini haji mtu. Saa sita za huku huko kwako ni saa saba. Sikukupigia kukuuliza, nisije nikakutia maneno mdomoni. Niambie wewe mwenyewe, Kaka, soksi zako umezivua tangu lini?

Dada yako mdogo, mwenye kukupenda na kukungoja mlangoni,

Saholy